Miezi 14 na linki ya kilomita 18: uzoefu wangu na redio za masafa marefu

Hasi 71. Namba hiyo, yaani nguvu ya mawimbi ya redio tunayopokea kwa dBm (desibeli zikilinganishwa na miliwati moja; ikikaribia sifuri ndiyo bora), ilikuwa kwenye skrini ya simu yangu nikiwa nimejifunga mkanda juu ya mnara, spana mkononi, nikilenga dishi linalopeleka intaneti hewani, na mwenzangu aliye kwenye mnara wa pili ananipigia: "Kaka, imekamata. Kaza bolti tushuke, jua linazama." Nikasogeza dishi kidogo kushoto, mawimbi yakapungua. Nikalirudisha, nikalisogeza kulia, yakapungua vilevile. Ukitazama hivyo tu, utaapa kwamba kilele umekipata. Ila daftarini nilikuwa nimeandika hasi 53 tangu asubuhi, na pengo la desibeli 18 haliletwi na vumbi wala na uchovu wa fundi.

Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa. Kwenye gigahezi 5.8, mawimbi yakisafiri kilomita 18 hewani hupoteza takriban desibeli 133. Redio yetu ilikuwa inarusha 20 dBm, na dishi la kila upande linaongeza 30. Ishirini, jumlisha thelathini, jumlisha thelathini, toa 133: hasi 53. Ukipata pungufu ya desibeli mbili au tatu, shukuru ushuke. Ukipata pungufu ya 18, kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama taa zote zinawaka kijani na intaneti inapita.

Dishi la ukubwa huu lina mwale mkuu wenye upana wa digrii tano au sita, na kando ya mwale huo kuna miale midogo dhaifu. Nilikuwa nimekaa juu ya mmoja wa hiyo midogo. Nao una kilele chake na miteremko yake, ndiyo maana unadanganya. Nikalegeza bolti, nikalizungusha dishi polepole kwenda kulia: hasi 75, 80, 86, linki ikawa inakaribia kukatika na mwenzangu anapiga kelele kwenye simu. Sikusimama. Zikaja 74, 63, 55, kisha 53. Nilikuwa nimekosea kwa digrii nane hivi, na kwa umbali ule digrii nane ni kulenga kilomita mbili na nusu pembeni ya mnara. Tungekaza bolti pale mwanzo, tungewauzia watu intaneti mbovu kwa mwaka mzima huku tukimlaumu mtengenezaji wa redio.

Sasa nieleze tulifikaje kwenye vifaa hivi, maana seti ya kwanza ilitushinda. Tulikuwa na mnara mmoja wenye faiba na kilima upande wa pili ambako tulitaka kuhudumia nyumba kama 140. Seti ya kwanza niliichagua kwa kusoma boksi: megabiti 867 kwa sekunde, na umbali uliotajwa unazidi mara mbili ule tuliouhitaji. Mezani ofisini ilikuwa na kasi ajabu. Kilimani, asubuhi ilikuwa nzuri, lakini ikifika saa mbili usiku inashuka hadi megabiti 40 na simu za wateja zinaanza.

Ile 867 si uongo. Ni kasi ya hewani, kwenye chaneli ya megahezi 80, mawimbi yakiwa safi kabisa, ikiwa ni jumla ya kwenda na kurudi. Tatizo ni kwamba chaneli ikiwa pana hivyo inazoa kelele, yaani mawimbi yasiyo yako, za kila mtu. Kila ukiongeza upana mara mbili, unaongeza kelele kwa desibeli tatu, na hapo ni kelele ya asili tu, kabla hujahesabu redio za majirani. Antena za seti ile zilikuwa ndogo, desibeli 23 kila moja, kwa hiyo tulikuwa tunapokea hasi 67. Kelele kilimani ikipanda usiku hadi hasi 78, unabaki na nafasi ya desibeli 11. Kwa nafasi hiyo redio inalazimika kuongea taratibu kama mtu anayejaribu kueleweka sokoni.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba kilima, ambacho sote tulikipenda kwa urefu wake, ndicho kilichokuwa kinatuumiza. Ukiwa juu unaona kila mtu, na kila mtu anakurushia. Kelele inayokuhusu ni ile inayosikika pale unapopokea, kwa hiyo linki moja inaweza kuwa nzuri kwenda na mbaya kurudi. Nilipima kelele chini ya mlingoti mchana nikaridhika. Nilipaswa kupima juu, kwenye ncha zote mbili, usiku watu wakiwa wanatazama video.

Seti ya pili tuliichagua kwa vigezo vingine kabisa. Sitaji chapa, redio za namna hii zipo za watengenezaji kadhaa. Nilitaka dishi kubwa, kwa kuwa linaongeza mawimbi na wakati huohuo linafinya mwale, hivyo linaziba masikio upande wa majirani. Nilitaka redio inayoonyesha ramani ya kelele bila kukata huduma. Nilitaka ratiba ya zamu za kurusha badala ya utaratibu wa Wi-Fi ya nyumbani, ambamo kila redio inasikiliza kwanza ndipo iongee. Mawimbi huchukua mikrosekunde 60 kukata kilomita 18, na mengine 60 jibu kurudi. Redio isiyojua umbali huo itadhani pakiti (kifurushi cha data) imepotea na itaituma tena. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake nchini Venezuela waliunganisha milima miwili iliyo umbali wa kilomita 382 kwa vifaa vya Wi-Fi, na siri ilikuwa ni urefu wa milima pamoja na programu iliyorekebishwa isingoje majibu kwa mtindo wa nyumbani.

Na nilitaka usawazishaji wa saa kwa GPS. Mlingoti wetu una redio nne, na moja ikirusha wakati jirani yake anasikiliza, jirani anazibwa masikio. Zote zikirusha pamoja na kusikiliza pamoja, zinaishi kwa amani.

Matokeo: kwenye chaneli ya megahezi 40 tunapata takriban megabiti 260 kwa jumla ya pande zote mbili, saa mbili usiku, mvua au jua. Ni chini ya theluthi ya ile ya kwenye boksi la kwanza, na simu za malalamiko zimekwisha. Ucheleweshaji unacheza kati ya milisekunde tatu na tano.

Kuhusu urefu wa milingoti: kuuona mnara wa pili kwa darubini hakutoshi. Katikati ya njia, ukanda wa Fresnel (eneo linalozunguka mstari wa kuonana, ambamo mawimbi husafiri) kwa linki yetu una nusu kipenyo cha mita 15, na asilimia 60 yake, yaani mita 9, lazima iwe wazi. Ongeza karibu mita 5 za mbinuko wa dunia. Kulikuwa na miti kwenye tuta la katikati, macho yanapita juu yake bila shida, lakini tulilazimika kuongeza mita 6 kwenye mlingoti. Miti hukua, jamani. Acheni nafasi.

Kasoro zipo. Redio hizi hurusha mikondo miwili kwa pamoja, mawimbi yanayotikisika wima na yanayotikisika mlalo. Mwezi wa tano, baada ya mvua kubwa, ya wima yalishuka kwa desibeli 9 huku ya mlalo yakibaki palepale. Tofauti ya namna hiyo kati ya mikondo miwili ni dalili ya wazi: dishi halijasogea, maji yameingia. Kiungio kimoja nilikuwa nimekifunga kwa tepu ya umeme ya kawaida. Nilipokifungua, tone lilidondoka kwenye kidole changu na shaba ndani ilikuwa ya kijani. Sasa natumia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na kila kebo inaning'inia kidogo kabla ya kuingia kwenye redio ili maji yadondoke pale.

Lingine ni kukwepa rada. Kwenye chaneli nyingi za gigahezi 5, redio ikidhani imesikia rada inahama mara moja, na chaneli ile haiigusi kwa dakika 30. Kabla ya kurusha kwenye chaneli mpya ya kundi hilo inasikiliza kwa sekunde 60, na kwa kanuni za Ulaya ni dakika 10 kati ya megahezi 5600 na 5650, zinapofanya kazi rada za hali ya hewa. Lilitukuta mara mbili. Andaa chaneli za akiba mapema, na ukibadilisha mipangilio kwa mkono, anza na redio ya mbali. Ukianza na ya karibu, linki inakatika na utakwenda kilimani kwa miguu.

Kama una wateja mara tano ya wangu, tafuta masafa yenye leseni, mfano gigahezi 11. Gigahezi 60 ni tamu kwa mita mia kadhaa, lakini oksijeni hula kama desibeli 15 kila kilomita. Kwa kilomita 18 usijisumbue.

Wiki ijayo tunapandisha linki ya tawi, kilomita 7, dishi za desibeli 25. Daftarini nimeshaandika hasi 55, na mwenzangu nimempa nakala.