Montreal unaenda mgahawani na waini yako mwenyewe, hii hapa migahawa niliyokula

Jamani mnaokaa Montreal au mnaokuja kutembea, kama mnapenda waini kidogo na chakula naomba mnisikilize, maana mimi nimekaa huku miaka mitatu nalipia waini za mgahawani bei ya kuumiza na kumbe njia ipo. Kuna migahawa kibao imebandika dirishani maneno Apportez votre vin, yaani njoo na waini yako. Unanunua chupa dukani kwa bei ya duka, unaibeba, wanakufungulia, wanakupa glasi, na kote nilikoenda sijachajiwa hata senti ya kufunguliwa chupa. Chupa ninayoipenda naipata SAQ, yale maduka ya pombe ya serikali ya Quebec, jimbo letu hili la Kanada, kwa dola 18, nikaja kuikuta kwenye menyu ya mgahawa mmoja wa katikati ya mji dola 52, chupa ile ile lebo ile ile.

Ila msirudie kosa langu. Mwaka jana mama mdogo alikuja toka Dodoma, akaniletea chupa ya waini nyekundu ya nyumbani, ameifunga na khanga mbili katikati ya begi isije ikapasuka. Nikasema hii hatuinywi jikoni, hii tunatoka nayo. Nikampeleka mgahawa mmoja mzuri (jina naliacha), nikatoa chupa, nikamwomba mhudumu atufungulie hata kwa kulipia, akakataa kabisa, na akatuambia tuitoe mezani. Ikakaa chini ya kiti kwenye mfuko wa plastiki usiku mzima. Mama mdogo akanambia basi mwanangu tutainywa nyumbani, lakini nilimwona usoni, na mimi chakula hakikushuka.

Kesho yake nikaulizia ndo nikaelewa. Quebec vibali vya mgahawa ni viwili tofauti, kuna cha kuuza pombe na kuna cha kuihudumia tu ile uliyokuja nayo mteja. Mwenye cha kuuza hawezi kukufungulia chupa yako hata umbembeleze vipi, kwahiyo yule mhudumu wala hakuwa na roho mbaya, ni mimi sikujua. Na hicho cha pili ni cha waini, bia na mambo kama sida (pombe ya matufaha), pombe kali haimo, kwahiyo Konyagi yako iache nyumbani.

Tukaenda Pizzeria Napoletana, mtaa wa Dante kule Little Italy, uswahilini kwa Waitaliano wa Montreal, wapo tangu 1948. Ukishuka metro Jean-Talon unatembea kidogo tu unafika. Jumamosi jioni jiandae na foleni ya nje, sisi tulisimama kama dakika 40 mama mdogo kashika chupa yake kifuani kama mtoto. Tumekaa tu, mhudumu akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza asome lebo, akauliza Dodoma ni wapi, na mama mdogo ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji akamweleza kwa mikono habari ya zabibu, na jua, na udongo mwekundu, mpaka jamaa akasahau meza nyingine. Pizza yao ni nyembamba, pembeni imeungua ungua kidogo, nyanya ina uchachu wake wa kweli, na ile waini yetu ina kautamu kwa mbali ikaenda nayo vizuri sana. Mimi naipa pizza ya margherita alama zote. Kelele zipo, meza zimebanana, kama unataka faragha usiende. Ukiwahi, pitia kanisa la Notre-Dame-de-la-Défense hapo hapo jirani, juu ukutani wamemchora Mussolini, yule dikteta wa Italia, kapanda farasi, mpaka leo yupo.

Nyingine ni Khyber Pass, ya Waafghani, iko avenue Duluth, mtaa ambao hii migahawa ya kubeba chupa imejaa. Pale agiza mantu, zile kama sambusa za kuchemsha kwa mvuke zenye nyama ndani na mtindi juu, na kondoo na wali. Wali wao mtu wa pwani hatalalamika. Beba waini nyeupe, tena beba iliyopoa tayari.

Hili la kupoa nalisema kwa sababu kuna sehemu moja, siyo hizo mbili, tulipewa glasi nene za maji ya kunywa, barafu hamna, nyeupe ikawa ya uvuguvugu kama chai iliyosahaulika, na lisaa limoja halijaisha wameshaweka bili mezani kwa sababu hawapati kitu kwenye chupa. Hiyo ni kumuonea mteja. Ndo maana siku hizi kabla sijabuku napiga simu nauliza mawili, glasi za waini mnazo? na ndoo ya barafu? Wakisita natafuta kwingine.

Na nyie wateja wenzangu, tipu, yaani bakshishi ya mhudumu. Watu wanatoa asilimia 15 ya bili ya chakula peke yake, na bili yenyewe imeshapungua kwa sababu waini haimo, wakati yule dada kafungua chupa tatu, kaosha glasi kumi. Ongezeni kidogo, mmeokoa zaidi ya dola 30 jamani.

SAQ nunua mchana, nyingi zinafunga mapema kuliko unavyodhani, ukichelewa unaishia kwenye waini za duka la kona na hizo mimi sizipendi hata kidogo. Ila kama una mgeni anatoka nyumbani mwambie mapema, forodha ya Kanada inamruhusu mtu mzima lita 1.5 za waini bila ushuru, hizo ni chupa mbili za kawaida. Mama mdogo anakuja tena mwezi wa saba na safari hii nimemwambia abebe zote mbili.