Kubaindi tasnifu Dodoma: fundi anayeuliza kwanza kama umeshatetea

Kama uko mwishoni mwa umahiri au uzamivu na unatafuta wa kukubaindia tasnifu hapa mjini, mimi nakuelekeza kwa fundi wa Uhindini. Duka lake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vitenge na la vipuri vya pikipiki, na ubao wa jina hana. Steshenari za jirani na vyuo ni nyingi, na bei zao ziko chini kidogo. Ila huyu anazijua kanuni, na kazi isiyotimiza kanuni haigusi hata ukimwekea hela mezani.

Hakuanza kwa kuniuliza nataka nakala ngapi. Aliniuliza, "Mwalimu, umeshatetea?" yaani nimeshaitetea kazi mbele ya watahini. Nikamwambia ndiyo. Akataka kuona fomu ya masahihisho yenye saini ya mtahini. Ukija na kazi ambayo haijatetewa, atakubaindia spairo tu, ile ya waya wa kuzunguka, kwa sababu nakala za watahini huenda na jalada laini. Hadikava, yaani jalada gumu, ni ya mwisho kabisa. Mwenzangu aliwahi kubaindiwa hadikava nakala zote kwingine, kabla ya kutetea, na hakuna aliyemuuliza chochote. Watahini wakamrudisha apange upya sura ya nne. Nakala zile ziko kabatini mpaka leo, na ada alikuwa anajilipia mwenyewe kutoka kwenye mshahara wa ualimu.

Baada ya fomu, alifungua faili langu na kulikagua kwa kanuni za chuo changu, ambazo anazo zimechapwa na kujaa alama za kalamu nyekundu. Pambizo la kushoto liwe sentimita 4, kwa sababu mshono unameza sehemu ya karatasi; ukiacha 2.5 kama pande nyingine, msomaji atalazimika kukivunja kitabu mgongo ili aone mwanzo wa mistari. Kurasa za awali, yaani uthibitisho, ikirari na hakimiliki, tabaruku, shukurani na ikisiri, zinahesabiwa kwa tarakimu ndogo za Kirumi, kisha sura ya kwanza inaanza na 1. Jedwali langu la majina ya vijiji vya Chamwino, wilaya niliyofanyia utafiti, lilikuwa pana, limelazwa. Akaligeuza ili kichwa chake kielekee upande wa mshono. Kwenye uti wa jalada likaandikwa jina, shahada na mwaka, kwa herufi za dhahabu zilizokaa katikati barabara.

Jambo lililonigusa zaidi ni viambatisho. Aliyewahi kutafuta kibali cha utafiti anaijua safari yake: unaanza na barua ya Makamu Mkuu wa Chuo, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, mpaka kwa mtendaji wa kata. Barua nyingi za aina hii bado hutaja waraka wa serikali wa Julai 4, 1980, uliompa Makamu Mkuu mamlaka ya kuruhusu utafiti kwa niaba ya serikali na UTAFITI, chombo cha taifa cha utafiti ambacho COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ilikirithi mwaka 1986. Barua zangu nilizipiga picha kwa simu, zikatoka na kiza. Fundi akakataa kuzichapa. "Mhuri usiosomeka ni sawa na kibali ambacho hukupewa," akasema, akanituma nyumbani nikalete zenyewe azipitishe kwenye mashine. Hakunitoza kwa hilo. Wazee wa Chamwino walinikaribisha vibarazani kwao kwa sababu ya mihuri ile, kwa hiyo nilifurahi kuiona imetoka safi kwenye kitabu.

Marejeleo hashughulikii. Hiyo, anasema, ni kazi yako na msimamizi wako. Ukutani kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono: HATUMWANDIKII MTU UTAFITI. Nikiwa pale aliingia kijana akiulizia bei ya sura mbili. Fundi alimwonyesha karatasi ile, akaendelea na gundi yake. Namheshimu sana kwa hili. Biashara ya kuandikiana tasnifu inatudhalilisha sote tuliokesha na data zetu, na wanaoweza kuikata mizizi wapo pia huku mitaani, sio vyuoni peke yake.

Kasoro anazo. Ni mzito. Gundi ya hadikava anaiacha ikauke usiku kucha chini ya vyuma, hata umwambie kwamba ofisi ya shahada za juu inafunga kesho saa tisa na nusu. Kuelekea mahafali foleni inafika barabarani, na kiti cha mteja ni kimoja. Faili la WhatsApp halipokei, anataka flashi. Umeme ukikatika anasubiri urudi, jenereta hana.

Hadikava moja nililipa shilingi 20,000, uchapaji mbali. Peleka kwanza nakala moja tu, ofisi ya chuo iikague, ndipo urudi kwa zilizobaki. Yeye mwenyewe atakushauri hivyo. Hufungua saa mbili asubuhi, Jumapili hayupo.