Tathmini ya kozi ya freeCodeCamp kwa anayeanza usanifu wa tovuti

Mtu anayeanza kujifunza usanifu wa tovuti hukutana na mafunzo mengi mno kabla hata hajaandika mstari wake wa kwanza, na wengi huishia kuhama kutoka kozi moja hadi nyingine bila kumaliza yoyote. Mimi nilianzia kwenye kozi moja ya kulipia iliyonifundisha kuburuta vipande vilivyokwisha kutengenezwa na kuvipanga kwenye ukurasa. Ukurasa ulipendeza, lakini siku menyu ilipofunika kichwa cha habari kwenye skrini ya simu, sikujua nianzie wapi kuirekebisha, kwa sababu sikuwa nimewahi kuuona msimbo uliokuwa chini yake. Ndipo nilipohamia kozi ya Responsive Web Design, yaani usanifu wa kurasa zinazojirekebisha kulingana na ukubwa wa skrini, ya freeCodeCamp, shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014. Tathmini hii inahusu toleo la kozi hiyo lililotoka mwaka 2022, ambalo nililipitia hatua kwa hatua hadi mradi wa mwisho.

Kozi ni ya bure tangu somo la kwanza hadi cheti, na huhitaji kusakinisha programu yoyote ili uanze. Ndani ya kivinjari unapata maelezo, sehemu ya kuandikia msimbo, na sehemu inayoonyesha ukurasa unavyobadilika kadiri unavyoandika. Kila hatua inakudai kitu kimoja kidogo: ongeza aya, funga tagi (alama inayoonyesha kipande kinaanzia na kuishia wapi), badilisha rangi ya mandharinyuma. Ukikosea, mfumo unakueleza kilichopungua na kukuacha ujaribu tena. Mradi wa kwanza ni ukurasa wa picha za paka, unaofundisha HTML, lugha ya kuandikia maudhui ya ukurasa, peke yake kabla ya CSS, lugha ya kuupamba na kuupanga, kuguswa, na mpangilio huo naukubali kabisa. Anayejifunza kwanza kwamba HTML inaeleza kila kipande ni nini, yaani kichwa, orodha, kiungo au fomu, hatakuja kuchagua tagi ya kichwa kwa sababu tu maandishi yake ni makubwa.

Somo lililonifungua macho zaidi ni lile la kuchora kwa CSS mchoro wa mtindo wa Rothko, mchoraji aliyejulikana kwa vipande vikubwa vya rangi, ambalo kwa hakika ni somo la masanduku. Kivinjari huchukulia kila kitu kwenye ukurasa kuwa sanduku lenye maudhui, nafasi ya ndani inayoitwa padding, mpaka, na nafasi ya nje inayoitwa margin. Mwanafunzi akiandika kwamba sanduku lina upana wa pikseli 300, kisha akaweka padding ya pikseli 20 na mpaka wa pikseli 5 kila upande, kwa kawaida sanduku hilo litachukua pikseli 350 kwenye skrini, kwa kuwa upana alioutaja unahesabu maudhui peke yake. Hapa ndipo wanaoanza wengi huona masanduku mawili yaliyopaswa kukaa sambamba yakigoma na moja likishuka chini, na wao wasijue sababu. Ukiandika box-sizing: border-box, padding na mpaka huhesabiwa ndani ya zile pikseli 300, na hesabu inarudi kuwa nyepesi. Maelezo hayo niliwahi kuyasoma mahali pengine mara kadhaa bila kuyashika, na yaliniingia nilipoyaona yakitokea kwenye vipande vya rangi nilivyokuwa nikivipanga kwa mkono wangu.

Jambo jingine linalostahili sifa ni kwamba suala la watumiaji wenye ulemavu halikuachwa liwe nyongeza ya mwisho. Kuna mradi mzima wa kutengeneza ukurasa wa chemshabongo ambao shabaha yake ni kumwezesha asiyeona, anayesomewa ukurasa na programu, kujua kila kisanduku cha fomu kinauliza nini. Mwanafunzi aliyezoea tangu mwanzo kuandika maelezo ya picha kwenye alt na kuunganisha kila lebo na kisanduku chake hahitaji kukumbushwa baadaye.

Udhaifu wa kozi unatokana na uzuri wake huohuo. Hatua ni ndogo mno, na kila moja hukaguliwa papo hapo, hivyo mtu anaweza kumaliza hatua 60 kwa kufuata maagizo bila kuamua lolote mwenyewe. Nilipofungua faili tupu kwenye Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo, ili nitengeneze ukurasa wangu, nilijikuta sikumbuki hata mistari ya mwanzo. Niliusahau mstari wa meta unaotaja viewport, yaani unaokiambia kivinjari kifuate upana halisi wa skrini, na kwenye simu ukurasa wote ukatokea mdogo kama gazeti linalotazamwa kwa mbali. Bila mstari huo, vivinjari vya simu kwa kawaida hupanga ukurasa kana kwamba skrini ina upana wa pikseli 980 hivi, kisha huubana wote uenee. Kwa hiyo namshauri mwanafunzi, kila amalizapo mradi mmoja, aufunge, afungue faili tupu kwenye kompyuta yake na auandike upya bila kutazama. Huchosha, lakini humwonyesha bila kificho kile alichokishika na kile alichokipita tu.

Miradi mitano ya cheti inaliziba pengo hilo kwa kiasi kikubwa. Unapewa orodha ya masharti ambayo ukurasa lazima uyatimize, basi. Namna ya kuyatimiza ni juu yako. Fomu ya dodoso ndiyo rahisi, ukurasa wa nyaraka za kiufundi unachosha kwa wingi wa maandishi, na ukurasa wa kutangaza bidhaa ndio ulionifundisha mengi, kwa kuwa menyu yake inapaswa kubaki juu msomaji anaposhuka. Kozi inakadiriwa kuchukua saa 300. Anayeandika upya kila mradi atengee muda zaidi ya huo.

Kozi hii haifundishi jicho la msanifu. Utajua kubadilisha fonti, lakini hutaelezwa vya kutosha kwa nini mistari mirefu humchosha msomaji, au kwa nini maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe hayasomeki. Kwa hili la pili kuna kipimo: mwongozo wa WCAG, unaohusu kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu pia, katika kiwango chake cha AA, unataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma, na zana za kuupima zimo ndani ya vivinjari vyenyewe. Kwa maswali ya msimbo, weka karibu kurasa za MDN, zenye maelezo ya HTML na CSS, ambazo Mozilla ilizianzisha mwaka 2005. Anayeanza hatazielewa zote siku ya kwanza, ila akifika kwenye somo la Flexbox, njia ya CSS ya kupanga vipande kwa safu, atakuta mifano yake inamkamilishia palipobaki wazi.

Anayetaka tu tovuti iwe hewani wiki ijayo haitamfaa kozi hii. Anayetaka kuijua kazi yenyewe, na aliye tayari kukaa na faili tupu kila jioni, nampendekezea aanzie hapa.