Gemu ya masanduku iliyoniondolea hamu ya mafumbo

Nyota mbili. Nilianza na moja, nikaongeza ya pili kwa ajili ya muziki, na bado nasita.

Mimi si mgeni wa gemu za mafumbo, hasa hizi zinazotengenezwa na mtu mmoja au wawili chumbani kwao. Nilianzia kwenye Braid ya 2008. Baba Is You ya 2019, ambayo sheria zenyewe ni maneno unayoyasukuma mpaka ukuta unaacha kukuzuia, ilininyima usingizi wiki nzima na sikulalamika. Return of the Obra Dinn niliimaliza nikiwa na daftari na kalamu. Kwa hiyo asije mtu kuniambia sina subira.

Hii niliyoinunua juzijuzi ni ya ukoo wa Sokoban, ile iliyotoka Japani mwaka 1982. Unasukuma masanduku, huyavuti. Ukilipeleka moja kwenye kona, ndiyo limekwenda hilo. Kila kitufe kikikaliwa na sanduku, mlango unafunguka. Nikafika chumba chenye vitufe vitatu. Nikaweka masanduku matatu. Mlango kimya.

Nikajua kosa ni langu. Ndivyo gemu hizi zilivyotulea: kisichofunguka, hujakielewa. Nikahesabu vigae vya sakafuni. Nikasoma alama za ukutani kinyumenyume. Nikachora chumba kizima kwenye karatasi, nikaamini ile taa inayopepesa pembeni inanipa ujumbe. (Ilikuwa taa tu.) Siku tatu hivi, au nne, nakula huku nawaza sanduku.

Kumbe kitufe cha kati kilikuwa kibovu. Sanduku likitokea kushoto, hakisikii. Likitokea kulia, mlango wazi. Niligundua kwa bahati, nikiwa nimeshakasirika nasukuma ovyo ovyo.

Nikamwandikia mtengenezaji kwa adabu zote. Akajibu kwamba kwake inafanya kazi vizuri, halafu akaongeza kuwa gemu hii haimfai kila mtu. Haimfai kila mtu! Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Huyu kafumba ubovu, kisha mjinga nikawa mimi. Na fedha sirudishiwi, maana duka linahesabu saa ulizocheza, na zile zote nilizokaa nikiikodolea macho taa nazo zimehesabiwa.

Kwenye gemu ya mbio, gari likinasa ukutani unacheka, unaanza upya. Huku ubovu na fumbo vina sura moja, na ukishadanganywa mara moja huamini tena. Jana nilifungua gemu nyingine kabisa, nikakwama dakika tano, mbio nikaenda kutafuta jibu mtandaoni. Lilikuwa fumbo halali, tena jepesi. Zamani ningelikalia hilo jioni nzima kwa raha.

Sasa niseme la haki, ingawa linaniuma: chumba kilichofuata baada ya kile kibovu ni kizuri mno. Humo masanduku ndiyo yanayokusukuma wewe. Nilipokielewa nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu, nikaja hapa kuzipandisha nyota ziwe nne. Nikalikumbuka lile jibu la mtengenezaji, nikazifuta mbili.

Halafu nikarudi kucheza. Niko chumba cha mbele yake, nimeweka kila sanduku mahali pake, na mlango haufunguki. Sijui nifikiri au nimwandikie tena.