TAHADHARI: Anayeuza nafasi za msaada wa ukame na mafuriko Tana River ni tapeli

Ndugu zangu wa Tana River, kuanzia Garsen hadi Hola na Madogo, someni hii na muwasomee wazee wasiojua kusoma.

Kuna mwanamume anayezunguka vijijini kwa bodaboda, amevaa riflekta na kubeba tableti, akidai anaandikisha wakulima na wafugaji watakaolipwa na serikali. Anatoza shilingi 500 kwa kila boma, na 1,000 ukiwa na ng'ombe. Pesa zinaingia M-Pesa kwa namba yake mwenyewe. Kisha anapiga picha kitambulisho, na akikuta mzee asiyeona vizuri anaomba simu "amsaidie kuhakiki" na kumuuliza PIN. Huku kwetu ameshapita. Mama mmoja mjane ameuza mbuzi apate hiyo ada, na jirani yake alikuta M-Pesa imekombwa yote usiku uleule.

Watu wanamwamini kwa sababu misaada ipo kweli, na shida ni kubwa. Ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Kabla hatujainuka yakaja mafuriko ya mwisho wa 2023, halafu ya 2024, yakabeba migomba na mahindi ya kando ya mto. Mtu aliyepoteza hivyo akiambiwa jina lake litalipwa, atatoa hata ya mwisho. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Sasa sikilizeni pesa hizo zinavyotoka. HSNP, mpango wa serikali wa kuzipa pesa kaya maskini za maeneo ya ukame, uko chini ya mamlaka ya ukame, NDMA. Ulianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, baadaye zikaongezwa kaunti nyingine, yetu ikiwemo. Kaya iliyoandikishwa imekuwa ikipata 2,700 kwa mwezi, zikiingia kwenye akaunti ya benki kila miezi miwili. Kuandikishwa ni bure. Ukame ukizidi kaya nyingine hulipwa kwa dharura, lakini setilaiti ndiyo inayopima ukijani wa malisho, na kipimo kikishuka ndipo malipo hayo hufunguliwa kwa kaya zilizomo tayari kwenye sajili. Mwenye tableti hawezi kukupenyeza hapo hata umpe ng'ombe mzima.

Wafugaji anawaambia wapige picha mizoga, ati kila mzoga una bei yake. Uongo mtupu! Bima ya mifugo iliyoanzishwa na serikali mwaka 2015 haihesabu mizoga. Nayo hutazama malisho kwa setilaiti: yakipungua kupita kiwango, mwenye bima analipwa wanyama wangali hai, anunue majani na maji wasife. Mwanzoni serikali ililipia yote. Siku hizi mfugaji anachangia sehemu, na hapo tapeli amepata upenyo. Lakini bima hukatwa kabla ya msimu. Hakuna bima unayoilipia leo kwa ng'ombe aliyekufa mwaka jana.

Walioathiriwa na mafuriko huandikwa na chifu na wazee wa kijiji, mbele ya watu, bila hata shilingi. Mtu akikuita pembeni nyuma ya nyumba, jiulize kwa nini anaogopa baraza.

Kama umeshamtumia pesa sasa hivi, sambaza ile meseji ya M-Pesa kwenda 456 kabla hajazitoa. Namba yake itume 333. Badilisha PIN, kisha nenda kituo cha polisi upewe namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Usikubali kurudishwa nyumbani bila hiyo namba. Msifute meseji zake hata kama mna hasira. Akitokea kijijini kwenu, mkawizeni kwa maswali na chai huku mmoja anampigia naibu wa chifu. Sisi tuliotozwa huku tunakusanya meseji za malipo tuzipeleke kituoni kwa pamoja, kwa hivyo aliye na yake ampe mzee wa kijiji wiki hii.