Ving'ora vya joto vya stima kwa jikoni za Lamu: Ei144e na Ei3014

Asalaam aleikum, karibuni watazamaji. Leo mezani tuna ving'ora viwili vya joto, vyote vya Ei Electronics ya Ayalandi. Hiki ni Ei144e, na hiki ni Ei3014. Vyote vinakula stima ya nyumba moja kwa moja, volti 230, na stima ikikatika betri ya ndani inashika kazi.

Kwa nini joto, si moshi? Jikoni tui linachemka, viazi karai vinakaangwa, makaa yanawashwa. King'ora cha moshi kitalia kabla mahamri hayajaiva, na baada ya siku mbili tatu mtu atapanda kiti aking'oe. Cha joto hakishughuliki na moshi wala mvuke. Sogeza kamera hapa. Mnaona, nyuma ya hivi vidirisha kuna kidude mfano wa punje ya mtama? Hicho ndicho kipimo. Hewa inayokizunguka ikifika nyuzi 58 za Selsiasi, kinalia kwa desibeli 85, ukiwa umesimama mita 3. Kwa hiyo fundi wa rangi akija, vidirisha hivi visiguswe na brashi.

Tofauti kubwa ni betri. Ei144e ina betri ya volti 9 ambayo mwenyewe unaibadilisha. Ei3014 ina betri za lithiamu zilizofungiwa ndani, zinajichaji, na zimetengenezwa zidumu miaka 10. Nyumba ya kupangisha, chukua Ei3014, maana betri ya volti 9 huwa inahamia kwenye vitu vingine. Nyumba unayoishi mwenyewe na unafuatilia, Ei144e inatosha kabisa.

Mahali pa kukiweka ni juu kwenye dari ya jikoni, katikati, angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye taa, na pasiwe na pembe ya jikoni iliyo mbali nacho zaidi ya mita 5.3. Kwenye dari ya boriti, kile kipimo kisining'inie zaidi ya sentimita 15 chini ya dari yenyewe. Boriti nyembamba, funga chini yake. Boriti nene, piga kibao katikati ya boriti mbili ukifunge hapo. Toboa kwanza tundu la milimita 3, maana boriti za mkoko ni ngumu na skrubu zitakatika. Msitegemee plagi ndogo kwenye lipu ya chokaa ya zamani, haishiki.

Jiko lililo juu ya nyumba, chini ya makuti, pande zote wazi, hapo tunasema wazi: msikiweke. Upepo wa kusi unabeba joto lote, na makuti yakishika moto hayangoji kipimo. Weka king'ora cha moshi juu ya ngazi, ndani ya mlango, na msogeze moto mbali na makuti.

Sasa nyaya, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, lakini simama umuulize. Laivu, yaani waya unaoleta stima, itoke kwenye sakiti ya taa zinazotumika kila siku, ili breka ikianguka mjue usiku huohuo. Lakini itoke KABLA ya swichi. Fundi akichukua laivu inayotoka kwenye swichi kwenda kwenye taa, ukizima taa umezima na king'ora. Kitakaa kwenye betri usiku kucha, na baada ya muda kitaanza kulia "pip" moja moja. Watu wanalaumu betri, wananunua nyingine, nayo inakwisha vilevile. Jaribio ni rahisi: zima taa ya jikoni, itazame taa ya kijani ya king'ora. Ikizimika, laivu imechukuliwa mahali pabaya.

Kwenye paipu vuta nyaya za milimita za mraba 1.5: laivu, nyutro, na waya mmoja zaidi wa rangi tofauti wa kuunganisha ving'ora vyote. Huo usiwe wa kijani na njano, maana siku moja fundi mwingine ataudhani athi, ule waya wa kwenda ardhini, na ukiguswa na athi au laivu mtandao wote unaweza kuharibika. Vyote viwe kwenye sakiti moja, na msichanganye kampuni kwa waya huo. Fundi akitaka kupima nyaya kwa mega, kile kifaa cha kupima kama stima inavuja kwenye nyaya, ving'ora vishuke kwanza. Hewa yetu ya chumvi inakula shaba, kwa hiyo nyaya zikatwe mpya, zisiachwe wazi, na skrubu za terminali zikazwe sawasawa.

Ukimaliza, toa kifuniko cha plastiki cha kuzuia vumbi. Kinasahaulika mno, na kikibaki king'ora ni pambo tu.

Kujaribu: stima ikiwepo, shika kitufe mpaka kilie, na vingine vyote vifuate. Halafu shusha breka, taa ya kijani izimike, ubonyeze tena. Rudia kila mwezi. Kitufe hakipimi joto lenyewe. Ukitaka kulipima, tumia drai ya nywele kwa mbali kidogo, na uizime mara tu kinapolia. Msitumie kibiriti wala mshumaa.

Na kumbukeni, hiki hakinusi gesi ya mtungi wala hewa ya sumu ya makaa. Pia kinachelewa kulia kuliko cha moshi, kinangoja joto, ndiyo maana lazima kiunganishwe na cha moshi karibu na vyumba vya kulala. Jikoni ikiwa juu na watu wamelala chini, kuta za mawe zinameza sauti. Jaribio la mwisho lifanyeni watu wawili: mmoja alale kitandani, mlango umefungwa, feni inazunguka. Mwingine abonyeze kitufe jikoni. Aliyelala asiposikia vizuri, ongezeni king'ora kingine ndani ya chumba hicho, kwa waya uleule.