Msimu mzima wa spidwei ligi ya pili Uingereza: nimepata thamani ya hela yangu au nimeliwa?

Wakuu, nimemaliza msimu mzima nikiwa nimesimama kwenye uwanja wa spidwei hapa kaskazini mwa Uingereza, nimeanza Aprili kwenye baridi ya kukata masikio nikamaliza Oktoba kwenye baridi ileile, na kwa vile kuna watu kila siku wananiuliza naendaga wapi narudi na vumbi puani, nimeona niandike mara moja msome wote. Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeibania makusudi na nitasema kwa nini.

Kwa asiyejua, spidwei ni mbio za pikipiki za cc 500, gia moja, breki hamna kabisa, mafuta yake ni methanoli. Dereva wa bodaboda ukimwambia kuna watu wanalipwa kuendesha pikipiki isiyo na breki atajua unamtania. Wanne wanapanga mstari nyuma ya kamba, kamba inaruka juu, wanazunguka raundi nne kuelekea kushoto kwenye treki ya changarawe iliyosagwa, basi, dakika moja imeisha. Kwenye kona pikipiki inalala, tairi la nyuma linaseleleka nje, usukani umeangalia kulia wakati jamaa anakwenda kushoto, na mguu wa kushoto umevalishwa kisoli cha chuma kinachoburuzwa chini. Mkononi amefungwa kamba inayozima injini akidondoka. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anakula vumbi. Mechi moja ni mbio 15, timu ina watu saba, kila timu inatoa wawili kila mbio, wenyeji wanavaa helmeti nyekundu na bluu, wageni nyeupe na njano.

Mi naongelea Championship, yaani ligi ya pili, juu yake kuna Premiership. Jina Championship ni la 2017 tu, ila daraja la pili lenyewe ni la zamani zaidi na limebadilishwa majina mpaka wazee wenyewe wanachanganya.

Sasa hela. Mlangoni nilikuwa natoa kama pauni 20, na siku ya kwanza niliporudi nyumbani wife akaniuliza mbio zilikuwa ngapi, nikamwambia 15, kila moja dakika moja, akachukua simu akapiga hesabu pale pale: umelipa pauni moja na peni 33 kwa kila dakika, na saa moja na dakika 45 zilizobaki ulikuwa unaangalia trekta. Sikuwa na jibu. Maana ni kweli, kila baada ya mbio kadhaa linaingia trekta kusawazisha treki, halafu gari la maji, halafu mtu anatangaza bahati nasibu, na wewe umesimama tu. Mtu aliyezoea mpira dakika 45 bila kusimama hapa atasinzia.

Kilichonigeuza ni kalamu. Kuna programu, kile kijitabu cha mechi, wanauza mlangoni, katikati ina ukurasa wenye mbio zote 15 na vijumba vitupu, mi nikadhani ni ya kusoma tu nikaikunja mfukoni. Nilikuwa nimejisimamisha kona ya kwanza karibu kabisa na uzio, chai mkononi, mbio ya kwanza ikapita na changarawe ikanijaa kwenye kikombe, kwenye kola, mdomoni. Mzee mmoja aliyesimama hatua kama kumi nyuma yangu akacheka mpaka akakohoa, akaniita, akaniambia kijana hapo wanasimama wageni tu, njoo huku. Halafu akaniuliza kalamu yako iko wapi. Nikasema sina. Akaniangalia kama vile nimemwambia nimekuja bila viatu, akatoa yake ya akiba.

Kuanzia hapo ndo nikaelewa watu wanafanya nini kwenye zile dakika za kusubiri, wanapiga hesabu! Kila mbio ina pointi 6, kwa hiyo matokeo ni 5-1, 4-2 au 3-3, jumla ya mechi ni 90, na kila mtu uwanjani, bibi wa miaka themanini na mtoto wa miaka minane, anajua tunahitaji nini mbio tatu zinazokuja. Ukimaliza nyuma tu ya mwenzako wa timu moja na umemzidi walau mpinzani mmoja unaandikiwa bonasi, ndo unaona mtu ana 8+1 pembeni ya jina lake. Kila dereva ana wastani wake wa pointi, na jumla ya wastani wa watu saba haitakiwi kuzidi kiwango kinachopangwa kwa msimu, maana yake mkifanya vizuri sana mwaka huu wastani wenu unapanda na mwakani lazima mtu mmoja au wawili waachwe, yaani mnaadhibiwa kwa kushinda. Mzee aliniambia hilo kwa uchungu kama msiba wa nyumbani.

Niwape mbio moja tu mniamini. Mechi ya kiangazi, tumefika mbio ya 15 ambayo kila kocha anachagua wawili wake wa kumaliza kazi, sisi 43 wao 41. Kamba imeruka, jamaa yao mwenye helmeti nyeupe kachomoka kama risasi, kufika kona ya pili hayupo tena kwenye mjadala, wetu mwekundu wa pili peke yake, hamna wa kumsogelea. Mgeni angeangalia hao wawili akasema mbio imeisha. Lakini nikageuza kichwa nikaona uwanja mzima unaangalia nyuma, wa tatu na wa nne, njano na bluu, kwa sababu njano akibaki wa tatu ni 45-45 na bluu akimpita ni 46-44 tumeshinda. Raundi ya pili bluu kajaribu ndani, kafungiwa mlango. Raundi ya tatu kajaribu tena ndani, kafungiwa tena, mzee pembeni yangu anasema kwa sauti ya chini nje, nje, nenda nje, kama anaongea na ng'ombe. Raundi ya mwisho kijana kapanda juu kabisa karibu na uzio kwenye ile changarawe iliyolundikana ambayo bado ina mshiko, kavuta resi, sauti ya injini ikabadilika, mi kwa kweli niliisikia kabla sijaona, wakatoka kona ya mwisho begani kwa bega na kwenye mstari kamzidi kwa upana wa tairi. Pointi moja! Mtu wa tatu! Na watu wakaruka kama tumechukua ubingwa wa dunia. Nilipoangalia programu yangu kile kijumba cha mwisho nimekichora mpaka karatasi imetoboka.

Kwa hiyo hesabu ya wife iko sahihi, ila amehesabu kitu kingine.

Harufu nayo niisemee kidogo maana hakuna video itakayokupa, ni methanoli imechanganyika na mafuta ya injini ya jamii ya nyonyo, tamu tamu hivi, inakaa kwenye koti siku tatu.

Mbio ninayoipenda siku hizi ni ya pili, watu wanaicheka kwa sababu ni ya wale wa akiba, wenye wastani mdogo. Ndo hapo unawaona vijana wanaojifunza, wanaanguka, wanaamka, wanasukuma pikipiki huku wanachechemea kwa sababu wanalipwa kwa pointi na ile moja ya nafasi ya tatu ni hela. Pikipiki ni zao wenyewe, matairi ni yao, na wengi wana kazi nyingine asubuhi. Nilimwona mmoja baada ya mechi anapakia kwenye van na baba yake, mikono yote miwili imejaa malengelenge, anakula chipsi kwa uma wa mbao kwa sababu hawezi kukunja vidole.

Haya, ile nyota niliyoibania.

Kwanza wageni wa kuazima. Dereva wenu akiumia, mnaruhusiwa kuazima wa timu nyingine mwenye wastani usiozidi wa wenu, hata kwenye mechi kubwa. Halafu wengi wanaendesha ligi zote mbili, hii na Premiership. Matokeo yake Jumatatu namwona mtu kwenye kioo ana rangi za timu moja, Ijumaa yuko kwetu, wiki inayofuata kavaa jezi ya wapinzani wetu kaazimwa na anatufunga sisi wenyewe. Utamshangilia? Utamzomea? Mzee anasema zoea. Sijazoea na sidhani kama nitazoea.

Pili mvua. Kuna siku niliendesha masaa mawili kwenda mechi ya ugenini, klabu siitaji, nafika getini naambiwa imeahirishwa, na tangazo limewekwa mtandaoni nikiwa barabarani, wakati mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi na hata mbuzi angejua hamna mbio. Tiketi ilikubalika siku nyingine sawa, petroli nani ananirudishia? Na siku ajali ikitokea gari la wagonjwa likaondoka, kila kitu kinasimama mpaka lipatikane lingine, hilo silalamikii kabisa ni haki yao, nakuambia tu uvae soksi mbili.

Tatu, na hii ndo inauma, hujui kama timu yako itakuwepo mwakani. Workington Comets 2018 walichukua ligi, wakachukua kombe la mtoano, wakachukua na Shield, kombe jingine la daraja hilo, vyote vitatu msimu mmoja, halafu msimu uliofuata hawakuwepo kwenye ligi. Mabingwa! Imebidi miaka ipite ndo wakarudi, kwenye uwanja mwingine. Newcastle 2022 hata msimu hawakumaliza, walijitoa katikati. Mwaka huohuo Oxford nao wakarudi baada ya kupotea tangu 2007, kwa hiyo huku wanazika, kule wanafanya arobaini ya kuzaliwa. Upande wa pili kuna Poole, hao walishuka wenyewe kutoka ligi ya juu, wakabeba hii 2021 wakabeba tena 2022, mpaka 2023 Glasgow Tigers walipowazuia fainali, na watu wa Glasgow walikuwa wanausubiri ubingwa tangu 2011. Mtu wa Glasgow akianza kukusimulia hiyo fainali tafuta kiti.

Ukitaka kujaribu nenda za ugenini pia, ndo nusu ya raha. Ila Edinburgh Monarchs usishuke Edinburgh ukaanza kuuliza uwanja, wanakimbizia Armadale, West Lothian, mi nilikaribia kufanya huo ujinga. Berwick uwanja wao Shielfield Park treki imezunguka kiwanja cha mpira, na hiyo timu ya mpira inacheza ligi za Scotland wakati mji uko England, usiniulize. Ashfield kule Glasgow padogo ila unaona kona zote nne bila kunyoosha shingo, kwa mara ya kwanza ningekupeleka huko.

Usisimame kona ya kwanza. Chai nunua yenye mfuniko. Na kalamu beba mbili, za wino wa kawaida, ile ya jeli niliyonunua mwezi wa tano ilisambaa kwenye mvua nikapoteza matokeo ya mbio sita, mzee akakataa kunionyesha yake mpaka nilipomnunulia baga.